Manjano Aliyoyasaga Mama

Manjano mabichi hayanuki kama ya paketi. Ya paketi yananuka mchuzi. Mabichi, ukiyavunja yakiwa bado na udongo, yananuka ardhi iliyonyeshewa asubuhi, halafu inakuja nyuma yake harufu kali kama karoti iliyochanganywa na kafuri, na harufu hiyo haitoki mkononi kwa sabuni ya aina yoyote. Nimejaribu zote. Sanduku la manjano mabichi linapofika dukani kwangu hapa Bankstown, naliinamia kabla ya kulipanga, navuta pumzi mara moja, na hapo sipo tena Australia. Nipo Muheza, uani kwa babu, nimechuchumaa kando ya mama, na jiwe linakwenda na kurudi, kwaru, kwaru, kwaru, na mikono yake ni ya manjano mpaka kwenye kiwiko.

Niseme habari zangu kidogo ili msomaji ajue anayezungumza naye. Shule niliiacha darasa la nne. Nimefagia ofisi za watu, nimeosha wazee wa watu, nimefunga maboksi ghalani mpaka kiuno kikaniambia basi, nikafungua kijiduka, na kijiduka kikawa duka. Ni langu, si la mwanangu wala la mkwe. Nauza unga wa muhogo, mawese, maharage, bamia kavu na dagaa. Warundi wananunua kwangu, Wakongo wananunua kwangu, Wakenya wananunua huku wanalalamika. Kila mtu anakuja na Kiswahili chake na tunaelewana. Watoto wao ndio wanaonijibu kwa Kiingereza, nami najifanya kiziwi mpaka wageuze ulimi. Kiingereza ninacho, ila sikukipata kwa mwalimu. Nimekipata kwa kugombana na madereva wa mizigo. Kwa hiyo nayaandika haya kama ninavyoyasema, na anayetaka maandishi ya kupinda shingo atafute kwingine.

Msimu ninaoukumbuka ni ule dada yangu Rehema alipotiwa ndani. Mimi meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaja. Baba alikuwa amekwisha kumwacha mama, tukarudi kwa babu mzaa mama, nyumba ya udongo na bati karibu na reli, na machungwa yalikuwa mengi msimu ule mpaka mbuzi walikuwa wanachagua. Rehema alichumbiwa na fundi cherehani wa Korogwe. Kwetu zamani msichana akikaribia kuolewa hatoki nje. Anakaa chumbani, dirisha limezibwa kwa kanga, analishwa vizuri, anafundwa mambo ya ndoa, na kila alasiri anasingwa. Maana yake anasuguliwa mwili mzima kwa singo, yaani manjano na liwa, ule mti wa kunukia, na maua makavu ya waridi vilivyosagwa pamoja na marashi, mpaka ngozi inang'aa kama shaba na nyumba nzima inanukia mpaka barabarani. Mwenye kazi ya kumsinga ni somo wake, yaani kungwi anayemfunda. Somo wa Rehema alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mpana, mwenye bangili nyingi, uliyemsikia kabla hujamwona.

Lakini kabla ya Bi Kidawa kusinga, lazima mtu asage. Aliyesaga alikuwa mama. Wanawake wa milima ya Amani walileta manjano kwa vikapu, yakiwa na udongo mwekundu. Mama aliyaosha, akayamenya kwa kisu kidogo, akayatwanga, kisha akakaa na jiwe lake, mguu mmoja ameunyoosha na mwingine ameukunja, akasaga. Hakuwa na haraka. Alisaga, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua kwenye mdomo wake wa chini kusikia kama kuna punje, na ikiwepo hata moja alirudia. Mimi nilitupa maji machafu na kuchambua maua. Kazi ile ilimchukua asubuhi nzima, na yalipokuwa tayari yalikuwa laini kama siagi, unaweza kuyapaka jichoni kwa mtoto mchanga asilie.

Alasiri Bi Kidawa alifika na bangili zake. "Bado tu?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Mama akajibu, "Tayari, Bi Kidawa." "Lete basi. Na wewe kibogoyo toka hapo mlangoni, umekuwa komeo?" Mama akanyoosha bakuli, Bi Kidawa akalipokea, wanawake wengine wakaingia nyuma yake wakicheka, na pazia likashuka. Mama alibaki nje. Siku ya kwanza nilidhani amechoka. Siku zilizofuata nikaona ni hivyo hivyo, bakuli linaingia na mama anabaki. Nikamuuliza mbona haingii kumsinga mtoto wake. Akasema, bila hasira, kama mtu anayekueleza bei ya sukari, "Mimi nimeachwa. Aliyeachwa hamgusi mwali. Mkosi unahama." Nikauliza unahamaje. Akasema, "Kwa mkono." Nikaitazama mikono yake. Nikalitazama jiwe. Hata akili yangu ya kibogoyo iliona kwamba hapo kuna jambo halijakaa sawa, lakini mama aliinuka kwenda kuchota maji, na mama akiinuka katikati ya maneno ulijua yamekwisha. Bakuli liliporudi alikwangua mabaki kwa kidole na kunipaka mimi. Alinipaka mashavu, shingo, mikono, nyayo, polepole sana, na wakati wote macho yake yalikuwa kwenye pazia, na nyuma ya pazia Rehema alikuwa anacheka kwa kutekenywa. Nilifurahi. Nilidhani ananipendezesha.

Sasa nije hapa nilipo. Shirin aliingia dukani kwangu kwa ajili ya dagaa. Ni Mbengali wa Bangladesh, anakaa mtaa wa nyuma. Alifungua mfuko, akauingiza pua ndani, akafumba macho kama mimi ninavyofanya kwa manjano, nikajua huyu ni mtu. Wabengali wanapenda samaki mkavu kama sisi, na majirani wetu wazungu hawajatusamehe sote wawili mpaka leo. Tangu siku ile akawa ananiita apa, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Mumewe alifariki mtoto wao Nusrat akiwa bado na sare ya shule. Shirin akamlea peke yake kwa kufunga mizigo ghalani, mtoto akasoma chuo kikuu kule Kensington, sasa anafanya kazi duka la dawa. Siku moja Shirin akaja hanunui kitu. Akasema, "Apa, Nusrat anaolewa. Kabla ya harusi tuna siku ya manjano, gaye holud. Uje." Nikamuuliza manjano ya kupikia nini? Akacheka. "Si ya kupika, ni ya mwili! Usoni, mikononi, miguuni. Zamani tulikuwa tunasaga wenyewe kwenye jiwe." Nikauweka chini mzani niliokuwa naufuta. Nikaenda rafu ya nyuma nikachukua kipande cha liwa, nikampa anuse bila kumwambia ni nini. "Chondon!" akapiga kelele. "Mnapaka na chondon pia?" Tulisimama pale wanawake wawili wazima tunanusa kijiti, mteja anasubiri muhogo wake.

Bega la Shirin limeharibiwa na maboksi, halimudu jiwe. Wenzake walimwambia anunue ya kopo, yaliyokwisha kuchanganywa. Nikamwambia, "Mwanao si kuku wa kukaangwa. Nitasaga mimi." Asubuhi ya siku yenyewe nikaenda kwake na ndoo ya manjano. Jiwe alinitolea uvunguni, bapa, limechongwa alama za samaki juu yake, na la kusagia refu kama mchi mfupi. Marehemu mumewe alilibeba kutoka kwao ndani ya begi, akaacha nguo. Nikajifunga kanga, nikakaa chini, na mguu mmoja ukanyooka wenyewe na mwingine ukajikunja wenyewe. Sikuuambia. Mjukuu wangu Zuhura alikuwa ananipiga picha na simu, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nitaumiza mgongo. Nikamwambia mgongo ni wangu. Nilisaga, nikaonja kwa mdomo wa chini, nikakuta punje, nikarudia. Wanawake wa Kibengali wakaja mmoja mmoja kuchungulia, wakagusa, wakasugua vidole, wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema mama yake tu ndiye aliyekuwa anafikisha hivi. Sijawahi kusifiwa na mwenye digrii yoyote nikasikia vizuri kama nilivyosikia pale sakafuni.

Alasiri watu wakajaa uani. Hema lilikuwa la njano, sari za njano, maua ya njano ya plastiki yamening'inizwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Upande wa bwana harusi ukaingia kwa mstari, umebeba sinia: vitenge vyao, vitamu, tambuu, na kwenye sinia kubwa kuliko zote, samaki. Jamani. Nimeuza samaki maisha yangu yote. Nimeuza wa kuchomwa, wa kukausha, wa barafu. Sijawahi kumwona aliyevalishwa. Huyu alikuwa amefunikwa ushungi mwekundu, amepakwa rangi mdomoni na amewekewa kipini puani, ametulia kwenye sinia kama anasubiri kuulizwa kama amekubali ndoa. Nikamuuliza Shirin, "Huyu naye anaolewa na nani?" Akasema, "Na sufuria, apa." Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya hema. Wenyewe wakacheka kwa kuniona nacheka, na wakanikalisha mbele, si nyuma kunakokaa wageni. Hilo sisahau. Nchi hii nimekaribishwa kwa barua na kwa mihuri, na nashukuru, lakini kukaribishwa kwa kuvutwa mkono na kupewa mto wa kukalia ni kitu kingine.

Nusrat alikaa kwenye kigoda, sari ya manjano, maua kichwani, na mbele yake bakuli langu. Anayepanga mambo alikuwa shangazi yake, wao husema fupu, fupu Rokeya, dada wa marehemu baba yake, ametoka Rooty Hill na ndiye mkubwa wa ukoo huku ugenini. Alisimama akasema jambo kwa Kibengali, na mwanamke aliyekaa kando yangu akanitafsiria kwa Kiingereza: mkono wa kwanza uwe wa mwanamke mwenye mume aliye hai, na wafuate wa namna hiyo hiyo, kwa ajili ya heri ya mtoto. Nikageuka kumtafuta Shirin. Alikuwa amekwisha kujiondoa mwenyewe, bila kuambiwa. Amesimama mlango wa jikoni, ameshika sinia tupu kifuani, anatabasamu kwa wageni, na macho yake yako kwa mtoto. Kusimama kule nilikujua. Nilikujua mguu, bega, shingo. Nikasikia ladha ya manjano mdomoni.

Fupu Rokeya akaja moja kwa moja kwangu. Akanishika mikono yote miwili. "Apa, wewe ndiye mkubwa wetu leo, na umetusagia. Anza wewe." Kisha akaongeza kwa heshima, kama inavyopasa kumuuliza mtu mzima, "Mzee wako hajambo?"

Nikamwambia, "Hajambo huko aliko. Nilimzika mwenyewe."

Mikono yake ikalegea. Mimi sikuiachia. "Na kabla yake nilikuwa na mwingine. Huyo aliniacha. Kwa hiyo mimi nimeachwa na nimefiwa, yote mawili ninayo. Na manjano haya unayoyaona, tangu maganda mpaka bakuli, yamepita kwenye mikono hii unayoishika. Kama mkosi unahama kwa mkono, dada yangu, umekwisha kuhama, umo bakulini, na asubuhi mmeusifu kwamba ni laini. Sasa chagueni. Ama mmwage, mtu akanunue ya kopo. Ama huyu mama aliyesimama na sinia aje amguse mtoto wake."

Zuhura alishusha simu. Nilijua ninaweza kuambiwa nichukue ndoo yangu niende, na wangekuwa na haki, mimi ni mgeni wao. Lakini nilikwisha kuwa kibogoyo mara moja, safari hii nina meno, hata kama ni ya kununua.

Fupu Rokeya hakufoka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Unadhani namchukia Shirin? Aliyekufa ni kaka yangu. Huyu mtoto ndiye nilichobakiwa nacho kwake. Ninaogopa tu, apa."

"Najua unaogopa," nikamwambia. "Bi Kidawa naye aliogopa."

"Bi Kidawa ndiye nani?"

Nikamweleza kwa kifupi, palepale tumesimama. Kwamba dada yangu aliguswa na wanawake wenye waume tu, hakuwemo hata mmoja aliyeachwa wala kufiwa, na ndoa yake haikumaliza mwaka wa pili. Fundi cherehani alioa mwingine, Rehema akarudi kwa babu na begi lilelile. Akauliza, "Na mama yenu?" Nikasema, "Alisaga tu."

Alilitazama bakuli muda mrefu. Aliyesema hakuwa yeye wala mimi, alikuwa bi harusi mwenyewe. "Ammu," akaita kuelekea jikoni, na hata asiyejua lugha yao alielewa kwamba hapo anaitwa mama, "njoo basi, miguu inakufa ganzi na kigoda hiki!" Watu wakacheka kwa pumzi waliyokuwa wameizuia. Fupu Rokeya akaenda mpaka mlango wa jikoni, akachukua lile sinia akaliweka chini, akamshika Shirin kiganja cha mkono, akamleta, na yeye mwenyewe akavichovya vidole vya Shirin bakulini, kama mtu anayemfundisha mtoto kula. Shirin alimpaka Nusrat paji la uso kwanza. Halafu mashavu, halafu mikono, halafu akapiga magoti na bega lake bovu akampaka miguu, kila kidole, na hakuna aliyemharakisha. Mimi nikapiga kigelegele. Wao hawana vigelegele, lakini kile kilikuwa cha Muheza na kilikuwa kimekaa ndani miaka mingi, na mbwa wa jirani akakijibu.

Baadaye, watu wakila wali na mbuzi, Shirin alikuja na bakuli. Yalibaki ya kukwangua tu. Kwao pia mabaki hupakwa wasichana ambao hawajaolewa, wapate waume haraka. Akakwangua kwa kidole, akanipaka mimi shavuni. Wanawake wakapiga makofi. "Apa atapata wa tatu!" Nikawaambia wa tatu awe na gari la mizigo, vinginevyo asisumbuke kuja. Fupu Rokeya ndiye aliyecheka kuliko wote, akanipaka shavu la pili.

Kesho yake nikampigia simu Rehema. Bado yupo Muheza, mzee sasa, miguu inamsumbua lakini ulimi haujambo. Nikamweleza yote, mpaka mama aliyesimama na sinia. Nikamwambia, "Dada, mama hakukugusa msimu ule wote." Akasema, "Wewe ulikuwa nje, unajua nini? Mikono ya Bi Kidawa ilikuwa migumu kama brashi ya kufulia, na bangili zinanikwaruza. Lakini kilichokuwa mikononi mwake kilikuwa laini, hakina punje hata moja. Nani mwingine Muheza nzima alisaga vile? Nilikuwa nafumba macho, namwondoa Bi Kidawa, nabaki na mama. Nyie huko nje mnanisikia nacheka, mnadhani natekenywa."

Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Nimesafiri mpaka mwisho wa dunia, nikasaga manjano kwa jiwe la watu wengine, ndipo nikapata la kumuuliza dada yangu. Zamani yetu ilikuwa na mambo mazuri na siitukani. Mtoto wa siku hizi haolewi kwa wiki nzima ya kunukia, anaolewa Jumamosi na Jumatatu yuko kazini. Lakini zamani ile ilikuwa na pazia, na mama yangu alilitazama upande wa nje mpaka akafa bila kuambiwa kwamba amefika ndani. Mimi nimeambiwa. Nimeambiwa kwa sababu Wabengali wa mtaa wa nyuma walinipa nafasi ya kukaa mbele, na kwa sababu shangazi mwenye hofu alikubali kuishinda hofu yake mbele ya wageni, jambo ambalo Bi Kidawa hakuliweza. Nawashukuru wote, na samaki wao aliyevaa kipini.

Asubuhi iliyofuata nilifungua duka kama kawaida. Mrundi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaniangalia mikono nilipokuwa napima. "Mama, umepaka rangi nyumba?" Kucha zilikuwa za manjano, na kiganja, na mikunjo yote ya vidole, mpaka juu ya kiwiko. Nikamwambia hapana, hii ni mikono ya mama, nikamjazia dagaa wake mpaka mfuko ukagoma kufunga.